Redio za CB za zamani: huku Malindi chumvi kwanza, umeme baadaye

Ukipata redio ya CB (Citizens Band, redio ya raia wa kawaida ya kuongea na kusikizana) ya zamani hapa pwani, iwe umeinunua kwa muuza vyuma chakavu au umepewa na mzee aliyekuwa na boti, tafadhali usiiunganishe na betri siku hiyo. Najua roho yakutuma, wataka kuona ile taa ya mita ikiwaka, lakini ngoja. Wazungu wanaoandika kuhusu hii hobi kazi yao kubwa ni kupambana na umri wa redio, na ushauri wao mwingi ni mzuri, lakini huku kwetu kinachoua redio ni chumvi, na chumvi haingoji kitu kizeeke. Nimefungua redio iliyokaa kabatini tu, nyumba hata si ya mbele ya bahari, na ndani nikakuta shaba imeota kijani kila mahali.

Kidogo kuhusu historia, maana husaidia kujua una nini mkononi. CB ya masafa ya 27 MHz ilianza Marekani 1958, na kwa miaka mingi chaneli zilikuwa 23. Mafuta yalipoadimika 1973 madereva wa malori wakaishika kwelikweli, wakaambizana wapi pana mafuta na wapi polisi wamesimama, mpaka 1977 chaneli zikaongezwa zikawa 40. Kwahivyo nobu ikiishia 23 jua redio yako ni ya kabla ya hapo, na kwangu mimi hizo ndizo tamu kukusanya. Uingereza waliruhusu 1981 lakini zao ni FM na ziko juu kidogo kwa masafa, basi ukiweka ya Uingereza na ya Marekani mezani hazitasikizana, si mbovu hata moja.

Sasa turudi kwa chumvi. Skrubu zikiwa zimeshika kutu zitie tone la mafuta ulale, kesho ndio ufungue, ukilazimisha vichwa vitakatika. Ukishafungua angalia fyuzi kwanza. Ukikuta imezungushiwa ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara jua kuna mtu aligeuza waya za betri, fyuzi ikakatika, akaona njia ya mkato ni hiyo. Basi enda moja kwa moja kwa ile dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyoko pale waya wa umeme unapoingilia, mara nyingi itakuwa imeungua, na pengine bodi yenyewe pale ni nyeusi.

Watu wengi husafisha bodi kwa spiriti peke yake wakaona yang'aa wakaridhika. Chumvi haiyeyuki vizuri kwa spiriti, yayeyuka kwa maji. Mimi hutumia maji ya distilled, yale ya kuongeza kwenye betri ya gari (sio asidi, soma chupa!), na mswaki laini, nasugua polepole upande wa solda mpaka ule unga mweupe uishe, alafu ndio napitisha spiriti iyafukuze maji. Usilowanishe spika, mita wala transfoma. Kisha kausha kivulini na feni, siku kadhaa, usiwe na haraka hasa msimu wa kusi hewa ikiwa nzito. Kwa zile za mkononi zilizovujiwa na betri za alkalaini, ndimu au siki yaondoa ule ukoko vizuri, lakini lazima usuuze baadaye la sivyo hiyo ndimu nayo itaanza kula chuma.

Kuwasha mara ya kwanza weka balbu ya indiketa ya gari kwenye waya wa chanya, redio ifuate baada ya balbu. Kukiwa na shoti balbu itawaka kwa nguvu na redio haitaungua. Ikiwa ni ile kubwa ya mezani ya Marekani kumbuka ni ya volti 120, kwetu ni 240, bila transfoma ya kushusha utaiua dakika hiyohiyo.

Hapa ndipo panaponipendeza. Redio nyingi za chaneli 23 hazina saketi ya kisasa ya kuhesabu masafa, zina kristali (vipande vidogo vinavyoamua masafa), kwa kawaida 14: sita za kundi la kwanza, nne za kupokea na nne za kurusha, zachanganywa ndio zitoe chaneli zote. Kwahivyo ugonjwa wake wasomeka kwa kuzungusha nobu tu. Zikifa chaneli nne zinazofuatana, tuseme 5 mpaka 8, kupokea na kurusha, ni kristali moja ya zile sita. Ikifa moja kila baada ya tatu, yaani 1, 5, 9, 13 na kuendelea, na ni kupokea tu, basi ni moja ya zile nne za kupokea. Lakini kabla hujamlaumu kristali safisha ile swichi ya chaneli kwa dawa ya kusafishia kontakti uizungushe mara nyingi, huku kwetu mara nyingi ni swichi imeliwa na chumvi.

Kapasita za elektrolaiti (vile vimikebe vya kuhifadhi umeme) badilisha, thamani ileile, volti sawa au zaidi, na uangalie upande wa hasi. Nunua mpya, usitoe kwa tivi mbovu. Za kawaida Mombasa zapatikana, au umwagize mtu Luthuli Avenue Nairobi, ila transista za kurushia kama 2SC1969 uwe macho sana maana feki zimejaa sokoni. Na vile viskrubu vya ndani ya koili usiviguse kama huna vipimo, vyapasuka kama chaki.

Kurusha ni habari nyingine. Usibonyeze maiki bila antena au mzigo wa ohmu 50 (kifaa cha majaribio kinachomeza nguvu badala ya antena), transista ya mwisho, ile ya kurushia, itaungua. Na kabla ya kurusha chochote hapa Kenya ulizia leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Wavuvi nao nawaomba msiitegemee baharini, chomboni weka VHF ya baharini yenye chaneli 16, ile ya dharura.

Ikishapona ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, au kama waiweka mezani iwashe mara kwa mara ipate joto. Konekta ya antena ipake vaselini kwa nje.

Na unaponunua ulizia maiki yake kabla hamjafika kwa bei. Nyingi za zamani bila maiki hazitoi sauti kabisa kwani swichi ya maiki ndiyo inayofunga njia ya spika, watu hudhani imekufa wakaitupa. Pini pia kila kampuni ilifunga kivyake, kwahivyo hata waya ukiwa umekatika chukua hiyohiyo, zile rangi za waya zilizobaki kwenye plagi zitakuonyesha pa kuunga.