Masika, stoo na "sawa bosi": kuwavusha wafanyakazi kwenye mabadiliko

Kampuni nyingi za utalii Arusha na Moshi husubiri masika, Machi hadi Mei, ndipo zibadilishe mambo: programu mpya ya stoo, ofisi mbili kuwa moja, zamu kupangwa upya. Nafasi ipo, wageni wachache. Ila ndiyo miezi ambayo bakshishi imekauka na mkopo wa benki bado unakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo dereva akisikia "mabadiliko" anaelewa "kupunguzwa".

Anzeni na hilo. Kama hakuna anayepunguzwa, lisemwe kwenye sentensi ya kwanza, kabla ya maelezo ya mfumo. Kama wapo, msilifiche: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wahusika kabla ya kuamua. Kiinua mgongo hakipungui siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mtu akipewa hesabu yake kwenye karatasi, hasira haiishi, lakini anajua pa kuanzia.

Msitangaze Ijumaa jioni. Habari italala kijiweni, itaamka kwenye kundi la WhatsApp, na Jumatatu itarudi ofisini ikiwa na mkia. Jumanne asubuhi inafaa zaidi. Viongozi wa vitengo waambiwe saa moja kabla. Wakiulizwa wakajibu "hata mimi ndiyo nasikia", mmewavunjia heshima mbele ya watu wao.

Mkutanoni wengi watasema "sawa bosi". Hiyo ni adabu tu, makubaliano bado. Ndani ya wiki hiyo, kaeni na kila mmoja dakika 15, na swali liwe, "Kazi yako ya kesho itabadilika wapi?" Ukiuliza "una maoni?" utaambiwa hamna. Na "msiwe na wasiwasi" liacheni kabisa, maana humfanya mtu ahisi mnaficha kitu.

Mgumu zaidi huwa mtunza stoo. Kwa miaka yote kaunta buku lake ndilo linalojua mahema mangapi yako mlimani, begi lipi la kulalia zipu yake imekufa, mtungi upi wa gesi unavuja. Kila mtu alikuwa lazima apite kwake. Sasa mnamletea kompyuta, na kijana wa mapokezi anayaona yale yale akiwa amekaa kwenye kiti chake. Akianza kuchelewesha vifaa, msikimbilie kusema ni mkaidi; kilichoguswa ni cheo chake kisicho na jina. Mpeni kazi ya kuhakiki orodha: yeye ndiye aseme kipi kiingizwe na kwa jina gani. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wakisema "kibegi cha bluu", mfumo nao useme hivyo.

Daftari na kompyuta viende pamoja wiki mbili, na tarehe ya kufunga daftari itajwe tangu siku ya kwanza. Pasipo tarehe, vyote viwili vitaendelea hadi Juni wageni wakijaa, na hesabu hazitakutana. Daftari lenyewe msilitupe. Likae kwake, kwenye droo yake; kuna siku mtataka kujua nani alisaini hema la msimu uliopita.