Bibi kapewa aidini yenye mionzi, mjukuu amkaribie?

SWALI: Dokta shikamoo. Mamangu tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, juzi hospitali wakampa kidonge cha aidini yenye mionzi, kanywa na maji karudi nyumbani siku hiyohiyo. Wamesema alale peke yake na asimbebe mwanangu wa miaka miwili. Mtoto analia mlangoni "bibi, bibi", na bibi naye analia huko ndani. Kwani kawa sumu? Na hivi vitu vya nyuklia vikichoka hospitali wanavipeleka wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama hajawa sumu, mwambie hivyo leoleo. Tezi ndo inayofyonza aidini kuliko kiungo kingine chochote, kwahiyo dawa inaenda palepale kuua zile seli zilizozidisha kazi, ila mionzi kidogo inapenya mpaka nje na aidini inayobaki inatoka kwa mkojo, jasho na mate. Nguvu yake inapungua nusu kila siku 8, na mkojo unaitoa haraka zaidi, so anywe maji ya kutosha. Tezi ya mtoto mdogo inadhurika haraka na mionzi ndo maana tunamlinda. Bibi akae kitandani mtoto akae mlangoni, mita mbili hivi, amwimbie dakika chache, hapo hakuna shida kabisa. Chooni akojoe amekaa, aflashi mara mbili, nguo zake zifuliwe peke yake. Siku ngapi? Fuata karatasi waliyompa, maana inategemea dozi.

Vitu vilivyoshika aidini hospitali inavifungia stoo mpaka mionzi iishe, kama miezi mitatu. Mimi kinachonikosesha usingizi ni mashine za zamani za kutibu kansa. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazil, kliniki ilihama ikaacha mashine yenye sizia, kitu chenye mionzi mikali, watu wakaichomoa wakauza kama chuma chakavu, ndani mna unga unaong'aa bluu gizani, watu wakagawiana wakajipaka. Binti wa miaka sita alikula na mikono yenye ule unga. Walikufa wanne, yeye mmojawapo. Kwahiyo kabla hospitali haijanunua mashine ya aina hiyo iwe imeshakubaliana kwa maandishi nani atachukua kile kitu chenye mionzi kilicho ndani kikichoka, na pesa ya kukisafirisha itengwe mapema.

Halafu kama mama ana safari ya ndege karibuni abebe barua ya hospitali, vile vipima mionzi vya eapoti vinaweza kulia hata wiki kadhaa baada ya dawa.