Masasisho baada ya uzinduzi wa mfumo wa soko la umeme: tusubiri au tuyaingize?

Swali: Mhandisi, habari za kazi. Nasimamia mifumo ya kompyuta katika kampuni ya kuzalisha umeme. Mwendeshaji wa soko letu amezindua mfumo mpya hivi karibuni, nasi tukabadilisha programu zetu za zabuni na malipo ziendane nao. Tangu hapo matoleo mapya hayakauki: mwendeshaji anarekebisha kwake, na kampuni iliyotuuzia programu inarekebisha kwetu. Wakuu wanataka tusiguse chochote kwa miezi mitatu. Wenzangu wa malipo wanataka kila rekebisho liingie leo. Tumfuate nani?

Jibu: Njema, ndugu. Pande zote mbili zina hofu ya haki, ila wanayazungumzia masasisho kana kwamba yote ni ya aina moja.

Kufunga kila kitu hakuwezekani, kwa kuwa mwendeshaji hatawasubiri. Akibadilisha muundo wa kupokelea zabuni, zabuni za muundo wa zamani zitakataliwa kuanzia siku hiyo, na mtambo wenu unaweza kukosa ratiba ya kesho. Masasisho ya aina hiyo, ya usalama, na vyeti vya dijiti vinavyokaribia kuisha muda hayana mjadala. Vipengele vipya na ripoti zilizopambwa ndivyo vya kuweka kando. Hapo wakuu wako wako sahihi, na mimi ningesubiri hata zaidi ikibidi: mpaka hesabu za mwisho za mwezi wa uzinduzi zitoke na zikubaliane na zenu.

Kwa marekebisho ya fomula za malipo, msianze kuuliza yatasakinishwa lini. Ulizeni yanahusu umeme wa kuanzia siku ipi. Siku ya umeme haifungwi inapopita. Hesabu zake hurudiwa kadiri usomaji wa mita unavyokamilika. Texas, kwenye soko linaloendeshwa na ERCOT, hesabu inayoitwa ya mwisho hutoka takriban siku 55 baada ya siku husika, na nyingine ya kuweka sawa kila kitu hutoka takriban siku 180 baada ya siku hiyo hiyo. Soko la namna hiyo likizindua mfumo mpya, kwa miezi kadhaa programu ile ile itakuwa ikihesabu siku za sheria mpya na siku za sheria za zamani.

Australia inaonyesha ugumu wenyewe. Tarehe 1 Oktoba 2021 vipindi vya malipo, yaani vipande vya siku ambavyo kila kimoja hulipwa kwa bei yake, vilitoka dakika 30 hadi dakika 5, na siku iliyokuwa na vipindi 48 ikawa na 288. Programu iliyoandikiwa idadi moja tu, isiyouliza inahesabu siku gani, ingeziharibu hesabu za Septemba kila zinaporudiwa. Kwa hiyo waambieni waliowauzia programu kwamba kila rekebisho la fomula libebe tarehe ya kuanza kutumika, na fomula ya awali ibaki ndani ikifanya kazi kwa siku zake. Wakijibu kwamba watafuta ya zamani ili programu iwe nyepesi, kataeni.

Majaribio yafanywe kwa siku halisi zilizopita, data ile ile ikipita kwenye toleo la zamani na jipya, kisha mlinganishe kipindi kwa kipindi. Jumla ya siku haitoshi, maana makosa mawili yanayopingana hufichana. Chagueni siku ya kawaida, siku yenye bei hasi (mzalishaji hulipa ili umeme wake uchukuliwe), na siku ambayo njia za kusafirishia umeme zilielemewa. Kama saa zenu husogezwa kwa majira, ongezeni siku hizo mbili. Ulaya, ambako soko la siku moja kabla, linalouza leo umeme wa kesho, lilihamia vipindi vya dakika 15 kwa umeme wa kuanzia 1 Oktoba 2025, siku ya kawaida ina vipindi 96, ya kusogeza saa mbele ina 92, na ya kurudisha nyuma ina 100. Siku hizo zinajulikana mwaka mzima kabla, na bado ndizo zinazosahaulika.

Si kila tofauti ni hitilafu. Programu zinazochagua mitambo ya kuwasha hukubali jibu lililo karibu sana na lililo bora kabisa. Toleo jipya la programu hizo laweza kuchagua mtambo mwingine kwa gharama ya jumla inayokaribia kulingana, lakini mwenye mtambo ulioachwa ataiona tofauti kubwa mfukoni. Vilevile, ramani ya gridi ambayo mwendeshaji huitumia kukokotoa bei hupakiwa kwa ratiba yake. Kabla ya kulilaumu toleo, angalieni kama ramani hiyo imebadilika. Wekeni daftari moja la mabadiliko yote, yenu na ya mwendeshaji.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ahadi ya kwamba “ikishindikana tutarudisha toleo la awali”. Dirisha, yaani muda wa kupokea zabuni, likishafungwa, zabuni iliyopokelewa hairudishwi. Na kama toleo jipya limebadilisha muundo wa hifadhidata, la zamani huenda lisiweze kusoma rekodi zilizoandikwa tangu jana. Ijaribuni safari ya kurudi nyuma kama mnavyojaribu ya kwenda mbele. Sakinisheni mara tu matokeo ya soko la siku moja kabla yakishathibitishwa, ili mpate muda mrefu kabla ya dirisha lijalo, na saa ya kuliacha toleo jipya na kurudi la zamani iandikwe mapema, pamoja na jina la atakayewasilisha zabuni kwa mkono. Soko la wakati halisi, linalouza umeme wa dakika hizi hizi, halilali, kwa hiyo zamu ya chumba cha udhibiti ijue kinachoendelea. Ijumaa jioni msiguse kitu.

Wenzako wa malipo waambie pia jambo hili: rekebisho kwenye programu yenu haliwarudishii fedha zilizokwisha kukosewa kwenye ankara ya mwendeshaji. Hizo hudaiwa kwa kuwasilisha pingamizi, na pingamizi lina siku yake ya mwisho chini ya kanuni za soko. Waliwasilishe sasa, na vielelezo vya kipindi kwa kipindi, hata kama toleo lenye rekebisho halijafika.