Nilichopaswa kuhifadhi kwenye simu kabla ya kujifungua

Usiku wa tatu baada ya kujifungua nilikuwa kitandani, chuchu zimechubuka, mtoto analia kwa njaa, nami natafuta mtandaoni kwa mkono mmoja: maumivu wakati wa kunyonyesha. Majibu yalikuja mengi mno. Mmoja anasema vumilia, yatapita. Mwingine anasema maziwa yako hayatoshi, mpe ya kopo. Wa tatu anauza krimu. Saa tisa usiku mzazi hana nguvu ya kuchuja nani anajua na nani anabahatisha. Ndiyo maana nakusihi wewe unayetarajia: tafuta vyanzo vyako sasa, mchana, kichwa kikiwa kimetulia, uvihifadhi.

Kilichonivusha usiku ule ni video fupi. Global Health Media Project hutengeneza video za bure kwa ajili ya wahudumu wa afya na wazazi, na zipo za Kiswahili. Ile ya kumshikisha mtoto titi inaonyesha kwa karibu kile ambacho maandishi hayawezi: kinywa kimeachama, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, na sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu imeingia kinywani. Wangu alikuwa ananyonya chuchu peke yake. Nikamtoa kwa kuingiza kidole safi kwenye pembe ya mdomo wake, nikasubiri aachame, nikamrudisha. Mara ya nne akashika vizuri. Kulipokucha mkunga alinitazama nikinyonyesha, akarekebisha namna nilivyompakata, na hapo ndipo maumivu yalipoanza kuisha. Video haikuwa badala ya mkunga, ila ilinifikisha asubuhi.

Wiki chache baadaye niliumwa jino. Nikaandikiwa amoksisilini, na aliyenipa dawa akaniambia niache kunyonyesha mpaka nimalize dozi. Nilikuwa karibu kutii. Rafiki akanielekeza LactMed, hifadhidata ya bure inayopatikana kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Unaandika jina la dawa, inakueleza ni kiasi gani hupita kwenye maziwa na ni athari zipi zimewahi kuonekana kwa watoto. Kuhusu amoksisilini inasema inakubalika kwa anayenyonyesha, na kwamba mara chache mtoto anaweza kupata vipele au kuharisha. Lugha yake ni Kiingereza cha kitabibu, kwa hiyo nilimpigia daktari nikamsomea ukurasa, naye akaniambia niendelee kunyonyesha. Nawe fanya hivyo. Ukurasa ule ni wa kukusaidia kuuliza swali zuri, usiutumie kujiandikia dawa.

Wakati wa mimba nilisoma zaidi kurasa za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, zinazokwenda wiki kwa wiki. Mtoto alipozaliwa nikahamia HealthyChildren.org, ya madaktari wa watoto wa American Academy of Pediatrics. Nilizipendea jambo moja: unaona nani anawajibika kwa maandishi na lini yalipitiwa mara ya mwisho. Programu za kuhesabu wiki za mimba sina ugomvi nazo, ila soma kwanza zinafanya nini na taarifa zako, na ujue mapema pa kuzizimia. Rafiki yangu mmoja alipoteza mimba, na programu ikaendelea kumpongeza kila wiki hadi dada yake alipoifuta.

Halafu kuna uzito. Programu niliyokuwa nikiitumia ilimweka mwanangu kwenye asilimia 15, kwa rangi nyekundu, nikalia nikidhani namlaza njaa. Hakuna aliyekuwa amenieleza maana ya namba ile. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vilitolewa mwaka 2006, kutokana na watoto waliofuatiliwa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa na kulelewa katika mazingira yanayofaa kiafya. Asilimia 15 maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wa umri na jinsia yake, kama 15 ni wepesi kuliko yeye. Wala si alama ya mtihani. Mhudumu anachotazama ni kama mtoto anaufuata mstari wake mwenyewe mwezi hadi mwezi. Ukipakua programu ya ukuaji, hakikisha imetumia viwango hivyo, kisha kadi ya kliniki iwe ndiyo ya kuaminiwa.

Yapo mambo ambayo sitaki uyatafute mtandaoni kabisa. Mtoto tumboni anacheza kidogo kuliko alivyozoea. Damu inatoka. Kichwa kinauma vikali na macho yanaona ukungu. Mtoto wa chini ya miezi mitatu ana joto la 38 au zaidi, au amekataa kunyonya, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au ana degedege. Yaandike kwenye karatasi pamoja na namba ya kupiga, ubandike mlangoni ili na wengine nyumbani waione. Yakitokea, nenda saa hiyohiyo.

La mwisho alilileta mume wangu. Mama kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida, na kwa wengi hutulia ndani ya wiki mbili hivi. Mimi wiki ya saba nilikuwa bado. Akanifungulia Kipimo cha Edinburgh, maswali 10 yaliyochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya kutambua dalili za sonona baada ya kujifungua. Unajibu ulivyojisikia katika siku saba zilizopita. Hakitoi jina la ugonjwa, kinampa mhudumu pa kuanzia. Swali la kumi linauliza kama wazo la kujidhuru limekujia, na anayejibu kwamba limemjia, hata kwa nadra sana, anahitaji kuonana na mtu siku hiyohiyo. Mimi niliishia kulia kwenye swali la kwanza, linalouliza tu kama nimeweza kucheka. Nilikaa nalo kitambo, kisha nikampa mume wangu simu aone jibu nililochagua. Kesho yake tulikwenda kliniki, sote watatu.