Kumtafuta aliyekalia masafa yenu Bukavu

Ndugu, umeuliza namna ya kujua anayewazibia masafa yenu ya redio, 145 MHz, anarusha kutoka wapi. Tengeneza antena ya Yagi (inayosikia zaidi upande wa mbele) ya vijiti vitatu kwa mita ya chuma ya fundi, juu ya bomba la plastiki: cha nyuma sm 105, cha kati vipande viwili vya sm 45 (waya unaungwa hapo), cha mbele sm 89. Nyuma hadi kati sm 20, kati hadi mbele sm 32. Shika vijiti vikiwa wima, maana redio za mkononi hurusha hivyo.

Kwetu shida kubwa ni milima. Ukiwa bondeni chini ya Kadutu, wimbi lililogonga mteremko wa ng'ambo linaweza kufika na nguvu kuliko lile la moja kwa moja, nawe utaapa kwamba mtu yuko ziwani. Panda juu, pima kwa dira mwelekeo ambako wimbi lina nguvu zaidi, ukiwa sehemu tatu zilizoachana, chora mistari kwenye ramani: inapokutana ndipo alipo. Kosa la digrii 10 kwa km 1 ni karibu mita 175. Dira ikae mbali na pikipiki.

Ukikaribia, redio inajaa: kipimo cha nguvu ya wimbi hakishuki hata ugeuke wapi. Hapo sikiliza 435 MHz, mara tatu ya masafa yake. Huko wimbi ni hafifu na mwelekeo unarudi. Au chomoa antena, bana redio kifuani, zunguka polepole. Mkwaruzo ukizidi, yuko mgongoni kwako.