Ndugu wanajaa wodini, na mdogo wangu anakaribia kupandikizwa uloto

Shikamoo Shangazi. Mdogo wangu wa miaka 24 ana saratani ya damu. Wiki ijayo anaanza kemo, yaani dawa kali za saratani, ya kumwandaa kupandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa kaka yetu. Ndugu wanatoka Mbagala hadi Tegeta, kila jioni wanafurika na vyakula. Nikiwazuia, naambiwa najidai. Mwenyewe siku hizi hasemi kitu. Nifanyeje?
Dada Mtu, Temeke

Marahaba mwanangu. Wazuie, na usione haya. Kemo hiyo itaufagia uloto wake pamoja na kinga yake. Uloto wa kaka utaingia kwa mpira wa mshipani kama anavyoongezewa damu, bila kisu, halafu mtasubiri wiki 2 hadi 4 uanze kutoa chembe nyeupe za damu, zile za kinga. Katika siku hizo, mafua ambayo mama mdogo anayapenga tu yanaweza kumtia mdogo wako nimonia.

Ila usiwarudishe mlangoni mikono mitupu. Waite kikao, uwape kazi, na kazi kubwa ni damu. Atahitaji chembe sahani, zile zinazogandisha damu, mara kwa mara, nazo hudumu siku 5 hivi tu, kwa hiyo watu kumi wakichangia siku moja, wiki inayofuata mtahangaika. Panga zamu. Mwanaume hurudia kuchangia baada ya miezi 3, mwanamke 4. Hapa sikiliza vizuri: ndugu wa damu wasimchangie yeye kabla daktari hajaruhusu, maana damu yao inaweza kuuzoesha mwili wake kuukataa uloto wa kaka. Kazi yao iwe kutafuta wachangiaji: majirani, marafiki, wenzake wa kazini.

Chakula cha nyumbani, uliza kwanza kama wodi inakiruhusu. Kikiruhusiwa, kiive kabisa na kitoke jikoni cha moto, moja kwa moja kwenye hotipoti iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Kiporo cha wali hapana, hata ukikipasha. Kachumbari, juisi ya miwa ya barabarani, mtindi wa kienyeji, vyote hapana. Chungwa lioshwe kabla ya kumenywa, kwani kisu huusukuma ndani uchafu wa ganda. Mitishamba, hata unga wa mlonge, ibaki nyumbani: unaweza kubeba ukungu, na mingine hugombana na dawa zake.

Muulize nesi kama kwenye kemo yake kuna dawa iitwayo melfalani. Ikiwepo, na nesi akikubali, anyonye barafu ya maji yaliyochemshwa tangu kabla dawa haijaingia mpaka iishe. Baridi hubana mishipa ya mdomo, vidonda vinapungua. Joto likifika 38, muite nesi saa hiyo hiyo. Usitangulize panadol, itaficha homa.

Kuhusu ukimya wake, usimlazimishe kuongea. Lakini kuna jambo ambalo kijana hawezi kumwambia dada: kemo hii inaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kaka akae naye wawili tu, kisha wamuulize daktari kama mbegu zake zinaweza kuhifadhiwa. Likifanyika, lifanyike kabla ya dozi ya kwanza. Kaka aende kesho.