Safari ya Ghafla ya Naivasha

SWALI: Mhariri, mimi ni Mtanzania kutoka Tanga na ninafanya kazi Nairobi, huu ukiwa mwaka wa pili. Ijumaa jioni rafiki yangu alinipigia simu akitaka kesho yake twende Naivasha, nami nikakataa kwa kuwa sikuwa nimejiandaa. Akirudia mwaliko, nijiandae vipi?
Msomaji wa kike, South B

JIBU: Ulikosa mengi, dada. Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na matatu hupatikana Nyamakima, katikati ya jiji la Nairobi, tangu alfajiri, kwa hiyo maandalizi yenyewe ni mkoba mmoja tu. Tia sweta, kwani Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya usiku si ya Tanga. Tia pia pasipoti na kibali chako, maana viingilio vya Hifadhi ya Hell's Gate, mbuga iliyo karibu na ziwa hilo, hutofautiana kwa uraia na ukaazi, tena hulipwa kwa mtandao, si kwa fedha taslimu.

Langoni mtakodi baiskeli. Jaribuni breki kabla ya kulipa. Mimi niliwahi kupewa moja iliyosimama kwa soli za viatu vyangu tu, nikaupita mwamba wa Fischer's Tower kwa kasi ya aibu huku pundamilia wakinipisha.

Gharama mkubaliane kabla ya kupanda gari. Jumapili ondokeni mapema mchana, kwani foleni ya jioni ya kupanda mlima kutoka mji wa Mai Mahiu kurudi Nairobi huchosha kuliko safari yenyewe.